Stima ya Mlimani na Bei ya Saa

Soko la Karurumo liko Kyeni katika kaunti ya Embu, kando ya barabara kuu inayotoka Embu mjini, ikapita Runyenjes na kuvuka Mto Thuci kuelekea Chuka na Meru. Ukipanda kutoka hapo unaingia kwenye majani chai yanayofika ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Ukishuka, kahawa na migomba inapungua, hewa inapata joto, na hatimaye uko Mbeere kwenye mashamba ya muguka, ndengu na mtama. Ni mteremko mmoja, lakini kila ngazi yake ina saa zake za kazi, na saa hizo ndizo zinazoamua nani anahitaji stima na wakati gani.

Chukua kahawa. Msimu mkuu ukifika, kati ya Oktoba na Desemba, familia huamkia shambani kuchuma, hupanga matunda mekundu mbali na mabichi, na kufikisha mzigo kiwandani alasiri. Mashine za kumenya huanza kunguruma jua likielekea kutua, kwa sababu kahawa iliyoiva hailali: isipomenywa siku ile ile ladha inaharibika na daraja linashuka. Saa hiyo hiyo nyumba zinawasha taa, televisheni zinafunguliwa kwa taarifa ya habari, kinyozi na saluni sokoni wana wateja waliotoka kazini. Chai ina mpango mwingine. Majani huchumwa mchana, hutandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia huku feni zikipuliza saa nyingi, na kiwanda hukesha kikikata na kukausha. Majirani wawili wanaopakana kwa mpaka wa shamba, mmoja anahitaji nguvu jioni wakati nchi nzima inazihitaji, mwingine anazihitaji usiku wa manane wakati hakuna anayezigombania.

Watu wa mteremko huu wamekuwa wakijitengenezea stima kwa miaka 40 sasa. Serikali na kampuni ya umeme ziliwaona wateja wa kungojea nguzo, na sheria ilipokuja kuwatambua kuwa nao ni wazalishaji, iliwapa nusu ya haki yao na ikasahau kutazama saa.

Stima ya Afrika Mashariki haikuanza kama huduma ya wananchi. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta ya kuangaza jumba lake na mitaa iliyo karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo akaihamishia Mombasa na kuanzisha kampuni ya umeme ya mji huo. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kuuza stima Nairobi. Kampuni ya Mombasa na ile ya Hertzel ziliungana mwaka 1922 na kuwa East African Power and Lighting, ile ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting Company. Kuanzia hapo mwanzo mfumo ulikuwa wa upande mmoja: kuna anayetengeneza, kuna anayenunua, na waya kati yao unapeleka tu, haurudishi. Vituo vidogo vya maji vilivyojengwa Ukanda wa Kati wakati wa ukoloni, kama Ndula na Mesco, na baadaye Wanjii mwaka 1952, vilikuwa kwenye mito ya mashambani lakini vililisha Nairobi na miji ya walowezi.

Swali la saa lilikuwepo tangu siku hizo. Kampuni za kwanza duniani ziliuza mwanga tu, na mwanga unatakiwa usiku. Mchana mashine zilikaa bure huku deni la kuzinunulia likiendelea kulipwa. Mwaka 1892 mhandisi Mwingereza John Hopkinson alipendekeza mteja alipe sehemu mbili, moja kwa umeme alioutumia na nyingine kwa nguvu kubwa zaidi anayoweza kudai kwa wakati mmoja, kwa kuwa mtambo hujengwa kwa kukadiria ile saa ya mahitaji makubwa. Katikati ya miaka ya 1950 shirika la umeme la Ufaransa, likifuata fikra za mwanauchumi Marcel Boiteux, liliwawekea wateja wakubwa bei inayobadilika kwa saa na kwa majira. Uingereza iliwapa wenye nyumba saa saba za bei nafuu usiku kuanzia mwaka 1978. Kenya pia, kwa miaka mingi, ilikuwa na daraja la bei kwa ajili ya kupasha maji moto na kusukuma maji kwa pampu, ambapo mteja alilipa kidogo akikubali kukatiwa saa za mahitaji makubwa. Lakini hilo lilihitaji nyumba yenye birika kubwa la maji moto, na nyumba za namna hiyo zilikuwa mitaa ya matajiri wa mijini.

Baada ya uhuru macho yaligeukia Mto Tana. Kindaruma ilifunguliwa mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Hayo ndiyo mabwawa ya Seven Forks, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Mito ya Embu, Rupingazi na Thuci ikiwemo, huishia kwenye bonde la Tana. Watu wa Mbeere walihamishwa kupisha maji, na kwa miongo mingi waliyaona mabwawa na nguzo kubwa za chuma zikipita juu ya mapaa yao huku ndani wakiwasha koroboi. Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulianzishwa mwaka 1973, lakini katika miaka ya 1990 bado nyumba zenye stima mashambani zilikuwa chache mno, chini ya moja kati ya kila 20.

Kisha mvua ilikataa. Mwaka 1999 na 2000 mabwawa ya Tana yalishuka, na Kenya iliyokuwa imetegemea maji kwa sehemu kubwa ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Viwanda vilikodi jenereta za dizeli. Mwaka 2009 Masinga ilizimwa kwa kukosa maji. Waliobaki na mwanga bila kukatizwa katika vipindi hivyo viwili ni watu ambao kampuni haikuwa imewafikia: wenye sola.

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu sola ya Kenya ina mahali pake pa kuzaliwa, na mahali hapo ni kwenye mteremko huu. Mwaka 1984 Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, katika wilaya ya Meru ya wakati huo, ilikuwa ikitafuta mwanga wa kusomea jioni. Wazo lilikuwa kununua jenereta. Mwalimu wa sayansi shuleni hapo, Mark Hankins, kijana wa Kimarekani aliyekuja kwa mpango wa kujitolea wa Peace Corps, alikutana na mhandisi Harold Burris, Mmarekani mwingine aliyekuwa ameanzisha biashara yake aliyoiita Solar Shamba. Burris aliwaonyesha hesabu: jenereta ni rahisi siku ya kuinunua, lakini mafuta yake hayaishi kununuliwa. Shule ikaweka paneli. Baadaye kidogo shule nyingine tatu za eneo hilo ziliwekewa, na vijana wa hapo wakafundishwa kufunga nyaya, kupima betri na kutunza maji yake.

Kilichofuata hakikupangwa na wizara yoyote. Wazazi waliokuja shuleni waliziona taa, wakaenda kumtafuta fundi. Kahawa ilikuwa na bei nzuri katikati ya miaka ya 1980 baada ya ukame wa Brazil, na mkulima aliyelipwa vizuri alikuwa na pesa za kununua paneli moja, betri na taa mbili. Kabla ya hapo wengi walikuwa tayari na televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe zilizotumia betri ya gari, na kila baada ya siku kadhaa betri ilipakiwa kwenye matatu au baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa. Paneli iliondoa safari hiyo. Mafundi waliofundishwa Meru na Embu walisambaa hadi Nyeri, Kisii na Magharibi. Betri za sola zilianza kutengenezwa Nairobi. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuanguka, biashara haikufa. Ilihamia kwenye paneli ndogo za wati 10 hadi 14 ambazo mwalimu au mwenye duka aliweza kuzilipa taslimu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Kenya ilihesabiwa miongoni mwa nchi zenye sola nyingi za nyumbani kuliko nyingine katika nchi zinazoendelea, zaidi ya 100,000, na karibu zote zilinunuliwa kwa pesa za wenyewe bila ruzuku.

Pesa hizo zilitumiwa vibaya pia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima paneli zilizokuwa mapaani na madukani Kenya na kukuta aina moja iliyouzwa kwa wingi ikitoa nguvu kidogo sana kuliko ilivyoandikwa. Mkulima alilipia wati ambazo hakuzipata, na hapakuwa na mdhibiti wa kumtetea. Kanuni za kuwapa leseni mafundi wa sola na wauzaji zilikuja mwaka 2012, miaka 28 baada ya Karamugi.

Maji nayo yalipata watu wake. Kwenye Mto Tungu, kijiji cha Mbuiru upande wa Meru Kusini, takriban familia 200 zilijenga mtambo wa kilowati 18 ulioitwa Tungu-Kabiri, wakisaidiwa na shirika lililojulikana wakati huo kama ITDG pamoja na Wizara ya Kawi. Walichimba mfereji, wakabeba mawe, wakatenga siku moja ya juma kwa kazi hiyo, na kila familia ikawa na hisa. Mtambo ulipoanza kuzunguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, nguvu zake zilipelekwa kwenye kituo cha biashara: kuchomelea vyuma, kuchaji betri, saluni. Mwaka 2001, ng'ambo ya Embu katika Kirinyaga, vijiji vya Kathamba na Thima viliwekewa mitambo midogo zaidi. Kathamba ilikuwa na kilowati 1.1 tu, na ikaangaza nyumba 65. Kwa Thima wahandisi walitumia pampu ya kawaida ya maji inayouzwa dukani wakaigeuza izungushwe na maji badala ya kuyasukuma, kilowati 2.2 kwa nyumba zaidi ya 100.

Tazama jinsi vijiji hivyo vilivyopanga malipo. Hawakununua mita. Kila nyumba ililipia taa moja au mbili, na kifaa kidogo ukutani kilizuia nyumba isivute zaidi ya sehemu yake. Maji ya mto hutiririka usiku na mchana kwa kasi ile ile, kwa hiyo kuhesabu yuniti hakuna maana. Kinachoweza kuisha ni nguvu ya saa moja ya jioni ambapo wote wanawasha pamoja, na hiyo ndiyo waliyoigawana. Wanakijiji wa Kirinyaga walifikia kwa njia yao jambo lile lile alilolisema Hopkinson mwaka 1892. Kama kuna mtu anadhani mkulima hawezi kuelewa bei ya saa, aende akatazame Kathamba.

Sheria ilikuwa nyuma sana. Sheria ya Umeme ya 1997 iliigawa kampuni kubwa, KenGen ikapewa mitambo na KPLC ikabaki na nyaya na wateja, na ikaleta mdhibiti wa kwanza. Lakini ilitungwa ikiwaza wawekezaji wakubwa wenye mitambo ya mafuta na mvuke. Kijiji chenye mtambo wa kilowati 18 hakikuwa na dirisha la kubisha hodi. Tanzania ilifanya vizuri zaidi katika hili: kuanzia mwaka 2009 ilikuwa na mkataba wa kawaida na bei zilizotangazwa kwa wazalishaji wadogo wa hadi megawati 10, na ndiyo sababu mtambo wa Mwenga kule Mufindi, megawati 4 katika nchi ya chai, uliweza mwaka 2012 kuuzia shirika la umeme la TANESCO na kupeleka stima vijijini.

Kenya ilitangaza sera yake ya kununua umeme wa upepo na maji kwa bei iliyopangwa mwaka 2008, ikaipitia upya mwaka 2010 na 2012. Waliotangulia kuitumia ni viwanda vya chai. Kiwanda cha Imenti, Meru, kilijenga mtambo wa maji wa takriban kilowati 900, kikapunguza kutegemea gridi, na ziada ikauziwa kampuni ya umeme. Kilikuwa kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kufanya hivyo. Wakulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, waliona faida yake moja kwa moja, kwa sababu stima ni mzigo mkubwa katika gharama ya kilo ya chai, na kinachookolewa kiwandani huongezwa kwenye bonasi. Mitambo mingine ya KTDA ilifuata: Chania, Gura ya megawati 5.8, Mathioya Kaskazini. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka kilowati 600 za sola kwenye mapaa yake mwaka 2014 na kutia saini mkataba na KPLC, ambayo sasa inaitwa Kenya Power, mwaka uliofuata. Lakini angalia ni nani walioweza kuingia: kiwanda, chuo kikuu, kampuni. Mkataba wa kuuza umeme ulihitaji mawakili na wahandisi. Mwenye paneli nne Karurumo hakuwa na njia.

Wakati huo huo serikali iliamua kuwafikia wengi kwa kasi. Mwaka 2015 mpango wa kuunganisha walio karibu na transfoma ulishusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nguzo zikaingia vichochoroni. Wateja wa Kenya Power wakafika zaidi ya milioni 9. Kwenye nyumba nyingi za Kyeni leo kuna vyote viwili: paneli ya zamani juu ya mabati na mita ya tokeni ukutani. Tokeni zikiisha au stima ikipotea, taa za sola zinawashwa. Stima ya Kenya imepotea nchi nzima zaidi ya mara moja: Agosti 2023, kisha Novemba na Desemba mwaka huo huo, kisha tena 2024. Mwenye sola hakuhitaji kuambiwa kwa nini aliiweka.

Nguzo zilipowafikia wengi, tatizo la kampuni likageuka. Zamani umeme haukutosha. Sasa usiku wa manane kulikuwa na ziada. Mvuke wa ardhini wa Olkaria hauzimwi kama jiko. Kwa hiyo Desemba 2017 viwanda na biashara kubwa vilipewa bei ya saa: punguzo la asilimia 50 kwenye malipo ya umeme uliotumika usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na sehemu ya wikendi. Lilikuwa wazo zuri lenye kasoro moja kubwa. Punguzo lilitolewa kwa matumizi yaliyozidi kiwango cha kawaida cha mteja, ili kumshawishi aongeze kazi ya usiku. Kiwanda cha chai ambacho tangu kijengwe kimekuwa kikikesha, kikiisaidia gridi kwa kutumia umeme usiotakiwa na mtu, hakikulipwa kwa tabia yake njema. Alizawadiwa aliyekuwa akitumia umeme mchana akahamia usiku. Mwaka 2023, katika bei mpya zilizoanza Aprili, magari na pikipiki za umeme zilipewa bei yao: shilingi 16 kwa yuniti mchana, na 8 usiku. Hivyo pikipiki inaijua saa. Nyumba haijui: bei ya nyumbani ni moja saa sita mchana na saa mbili usiku, ikitofautiana tu kwa kiasi unachotumia kwa mwezi: Aprili 2023 ilikuwa shilingi 12.22 kwa asiyezidi yuniti 30, 16.30 hadi yuniti 100, na 20.97 kwa anayezidi hapo, kabla ya gharama ya mafuta, tozo na ushuru.

Sheria ya Kawi ya 2019 ndiyo iliyomtaja kwa mara ya kwanza mteja ambaye pia ni mzalishaji. Ilisema mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 anaweza kuomba kuunganishwa ili ziada yake iingie kwenye gridi na ihesabiwe. Kanuni zake zilichukua miaka mitano, zikatolewa mwaka 2024. Nyumba yenye laini ya kawaida inaruhusiwa hadi kilowati 4, yenye laini tatu hadi kilowati 10, na wafanyabiashara hadi megawati 1. Kwa kila yuniti unayoipeleka kwenye gridi, unaandikiwa nusu. Salio ambalo halikutumika mwaka wa fedha unapokwisha linafutwa.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Paneli za kilowati 1 mahali kama Karurumo, siku ya jua zuri, zinaweza kutoa yuniti 4 hivi. Mchana watu wako shambani na watoto wako shule, kwa hiyo tuseme kila siku yuniti 2 zinatoka kwenda kwenye gridi, 60 kwa mwezi. Wanaandikiwa 30. Kama familia hiyo ni ya kawaida, inayotumia yuniti 30 za gridi kwa mwezi, imeokoa shilingi 366 na senti 60 kwa bei ya msingi ya Aprili 2023. Sasa weka paneli zile zile, zenye ziada ile ile, kwenye nyumba kubwa inayotumia yuniti 150. Zile 30 zake zina thamani ya shilingi 629 na senti 10. Jua moja, paneli moja, lakini mwenye nyumba kubwa analipwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa sababu malipo yamefungwa kwenye bei ya anayeyapokea. Na zile yuniti 30 zilizokatwa hazikupotea hewani. Zilipita kwenye waya ule ule hadi kwenye posho mili au duka lililo kwenye transfoma hiyo hiyo, na huko ziliuzwa kwa bei kamili.

Kenya Power ina hoja, na si hoja ndogo. Anayeweka sola kwanza ni mteja mkubwa anayelipa vizuri. Akijitoa mchana, nguzo, transfoma na mafundi wa zamu bado wapo, na gharama yao inabaki kwa wanaobaki. Kampuni pia imefungwa na mikataba ya kununua umeme ambayo hulipiwa hata usipotumika. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, umeme ambao wateja wanajitengenezea wenyewe, viwanda vikiongoza, ulikuwa umevuka megawati 500. Na tatizo kubwa zaidi ni la saa: mahitaji ya nchi hufika juu kabisa jioni, kama yalivyofika zaidi ya megawati 2,300 Februari 2025, na saa hiyo paneli hazina kitu. Jimbo la California, lililowahi kumpa mwenye sola thamani kamili ya kila yuniti tangu miaka ya 1990, lilibadilisha mpango wake Aprili 2023 kwa sababu hiyo hiyo: mchana kulikuwa na sola nyingi mno, jioni hakuna.

Ndiyo maana mimi siipingi nusu ya saa sita mchana. Pengine ni bei ya haki kwa saa hiyo. Ninachokipinga ni kuitumia nusu hiyo hiyo saa mbili usiku. Mteremko huu una mito inayotiririka jioni kama mchana. Una wenye sola wanaonunua betri za lithiamu ambazo zinaweza kuhifadhi mchana na kurudisha jioni, dakika zile zile kampuni inawasha mitambo ya mafuta kule pwani na kumtoza kila Mkenya gharama yake kwenye bili. Yuniti inayotoka kwenye mtambo mdogo wa maji wa Kyeni saa mbili usiku haiwezi kuwa na thamani ya nusu. Inazuia mafuta kuchomwa Mombasa, na haikupotea njiani kwenye nyaya za mamia ya kilomita. Kama bei inaweza kumjua mwenye pikipiki anayechaji saa saba usiku, inaweza kumjua mkulima anayerudisha stima saa mbili.

Kiwanda cha kahawa nacho kinaingia hapa. Hakiwezi kuhamishia kumenya usiku wa manane, matunda hayangoji. Lakini paa lake ni pana, mabati yake yanaanikwa juani mwaka mzima, na nje ya msimu mashine zake hukaa miezi bila kuguswa. Chama cha ushirika kikiweka sola hapo, karibu umeme wote wa miezi hiyo utakwenda kwenye gridi. Msimu mkuu unaanza Oktoba na salio linafutwa Juni, mwaka wa fedha unapokwisha. Kinachokusanywa kuanzia Januari, msimu ukishapungua, kinafutwa kabla mashine hazijarudi kazini Oktoba. Mwaka wa kahawa na mwaka wa fedha wa kampuni havikutani, na aliyeandika tarehe hiyo hakuwa na kiwanda cha kahawa kichwani mwake.

Bei zilizoanza Aprili 2023 zilipangiwa kufika Juni 2026, na kila kipindi kipya cha bei kinapoandaliwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, inatakiwa kisheria kusikiliza maoni ya umma. Mikutano ya namna hiyo hujaa mawakili wa wenye viwanda wa Nairobi, wanaokuja na karatasi zao zimepangwa. Vyama vya kahawa vya Embu na viwanda vya chai vya Rukuriri na Imenti vina daftari za miaka mingi zinazoonyesha saa ngapi mashine zao zinawaka na saa ngapi zinazima. Mafundi wa sola wa Embu na Meru wanajua, nyumba kwa nyumba, ni nani ana betri ya kutosha kusaidia gridi jioni. Hizo ndizo karatasi za kupeleka, na ombi la kwanza liwe kwamba salio la umeme wa mkulima lisifutwe Juni, bali livuke hadi mwisho wa msimu wa kahawa.